Kabla ya makaro mapya, tuuone ukuta

WAHENGA walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo nimeifundisha darasani kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na kila mwaka wanafunzi wangu huandika insha safi juu yake: mtoto asiyekanywa mapema, deni lisilolipwa, ugonjwa uliopuuzwa. Lakini ni kiangazi kilichopita tu nilipogundua kwamba kuna jambo wahenga hawakulitaja. Siku hizi ufa hauzibwi. Unafunikwa, na hapa kwetu Kamembe kifuniko chake ni makaro.

Kwa msomaji aliyekulia Tanzania kama mimi, makaro ni vile vigae vya ukutani na sakafuni ambavyo kule watu huviita tailizi au marumaru. Hapa Kamembe, kama ilivyo Bukavu ng'ambo ya mto, jina ni makaro, na gundi ya kuyabandikia ni kole. Majina yote mawili yametoka kwa Wafaransa. Nitayatumia hivyo hivyo, kwa kuwa ndiyo yanayosemwa na mafundi wetu na ndiyo utakayoyasikia dukani.

Nina nyumba upande wa Kamashangi, na nyuma yake kuna nyumba ndogo ya vyumba viwili na jiko ambayo huwa naipangisha. Niliinunua mwaka 2013, miaka minne baada ya kuhamishiwa huku kufundisha. Fedha nilizolipa zilikuwa akiba yangu yote pamoja na sehemu ya akiba ya mzee wangu, aliyeuza ng'ombe wake Karagwe kabla ya kurudi nyumbani. Aliyeniuzia alinizungusha, akanionyesha jiko na bafu, akapiga ukuta kofi na kusema, "Mwalimu, tazama mwenyewe, makaro mapya kabisa." Nilitazama. Yalikuwa meupe, yanang'aa, yana mstari wa maua ya bluu katikati. Mtu ambaye alisoma katika darasa la udongo na kulala katika nyumba ya udongo hadi anakuwa kijana, akionyeshwa ukuta wa namna hiyo haulizi swali la pili. Nilihisi nimefika.

Mwaka jana mwanzoni mwa kiangazi alikuja mama mmoja mfanyabiashara kutoka Bukavu kutafuta nyumba ya kupanga. Amekuwa akivuka daraja la Rusizi kwa miaka mingi na mizigo yake, na alitaka mahali pa kuweka bidhaa na kulala siku anazochelewa. Bei tulikubaliana, faranga 60,000 kwa mwezi. Akaomba kuona jiko. Badala ya kutazama makaro, alitoa ufunguo mfukoni na kuanza kuyagonga moja moja, ko, ko, ko, sikio likiwa karibu na ukuta. Alipofika chini ya dirisha sauti ikabadilika, ikawa kama ya debe tupu. Akanigeukia na kusema kwa Kiswahili chao cha Bukavu, "Mwalimu, hii ukuta yako inalia."

Nilimuuliza amejifunza wapi kugonga kuta. Akanijibu kwamba nyumba yake ilipasuka mwaka 2008, na tangu siku hiyo hapangi wala hanunui nyumba kwa macho.

Ndugu msomaji, naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu kati ya wasomaji wa ukurasa huu wapo wengi ambao, kama mimi, hawakuwepo hapa mwaka huo. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili asubuhi, tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 lilipiga eneo hili la kusini mwa Ziwa Kivu, na saa chache baadaye likafuatiwa na jingine. Kwa upande wa Rwanda walikufa watu zaidi ya 30 katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke, na mamia walijeruhiwa. Baadhi yao waliangukiwa na kuta wakiwa kanisani, kwa kuwa ilikuwa saa ya ibada. Bukavu nako watu walikufa na nyumba nyingi zikapasuka. Mwezi Agosti 2015 ardhi ilitikisika tena. Mimi hufundisha pia jiografia, na huwaonyesha wanafunzi kwenye ramani kwamba tunakaa ndani ya mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi yenyewe inaachana polepole. Jina la bonde hilo linatosha kuwa onyo. Ila sikuwahi kulihusisha onyo hilo na jiko langu.

Nyumba zilizoanguka mwaka 2008 zilionekana na kila mtu, zikaondolewa au zikajengwa upya. Nyumba zilizopasuka tu, zikabaki zimesimama, ndizo zilizoingia sokoni. Ziliuzwa, zikapangishwa, zikauzwa tena. Mwenyeji aliyekuwepo anajua nyumba ya nani ilipata nini. Anayerudi kutoka Tanzania, Uganda, Burundi au Kongo hajui, na mfanyabiashara anayetafuta chumba karibu na mpaka hajui. Sisi hununua kile tunachokiona, na tunachokiona ni makaro.

Baada ya yule mama kuondoka nilimwita fundi. Ni kijana hodari, kazi yake naijua. Aligonga naye, akatikisa kichwa, kisha akanipa ushauri ambao nina hakika nusu ya wasomaji wangu wamewahi kupewa: "Mwalimu, tusijisumbue. Tunabandika makaro mapya juu ya haya ya zamani. Siku mbili tumemaliza, hakuna vumbi, hakuna uchafu, na mpangaji wako anaingia wiki ijayo."

Nataka niwe mkweli kwa fundi huyo. Hakunidanganya. Kubandika makaro juu ya makaro ni kazi inayokubalika kiufundi, na inafanyika katika nchi nyingi. Lakini ina masharti yake. Makaro ya chini yawe yameshika imara yote, yawe yamesafishwa mafuta, uso wake uwe umekwaruzwa ili ushike, na kole iwe ya aina inayofaa kushikana na uso usionyonya maji. Na kuna suala la uzito. Makaro ya kawaida pamoja na kole yake ni kama kilo 15 hadi 20 kwa kila mita ya mraba. Ukuta wangu wa jiko una mita za mraba tisa. Maana yake ningeuongezea kilo 135 hadi 180 ukuta ambao tayari unabeba kiasi kama hicho, na ambao tayari unalia. Sharti la kwanza kabisa, kwamba ya chini yawe imara, tulikuwa tumekwisha kulikosa. Ushauri ule ulikuwa mzuri kwa ukuta mwingine.

Nilikumbuka jambo la zamani. Shule yangu ya msingi kule Karagwe ilikuwa ya miti na udongo. Kila mwisho wa muhula wanafunzi tulileta udongo na samadi ya ng'ombe kukandika upya kuta za madarasa. Sisi watoto tulitaka kupaka haraka tukacheze, lakini mwalimu wetu, mzee mkimbizi kama wazazi wetu, hakuturuhusu kugusa udongo mpya kabla ya kukwangua wa zamani wote uliolegea, hadi fito zionekane. Alikuwa akisema udongo haushiki juu ya vumbi. Na alipita yeye mwenyewe kukagua fito, moja moja, akitafuta iliyoliwa na mchwa. Wakati ule tulimwona mkorofi. Sasa naelewa kwamba kukandika upya kulikuwa ndiyo nafasi yake pekee kwa mwaka ya kuuona ukuta.

Basi nikamwambia fundi tubandue. Faranga 8,000 kwake kwa siku, 3,000 kwa kila yede, na yede walikuwa wawili. Kazi ilichukua siku nne. Nitaeleza tulivyoifanya, kwa sababu nimeona watu wakiingia katika kazi hii na nyundo na ghadhabu, wakatoka na kidole kilichokatika au jicho lililochomwa.

Kwanza tulitoa kila kitu jikoni, tukafunga maji na kuzima umeme wa upande ule, maana hakuna anayejua fundi wa kwanza alipitisha wapi waya na bomba. Tundu la maji machafu tuliliziba kwa tambara ili vipande visiingie. Kila aliyeingia alivaa miwani, glavu na viatu vizito. Makaro yakivunjika hukata kama chupa, na vipande vyake huruka usawa wa uso. Watoto waliambiwa wakae mbali, na mlango ukafungwa.

Fundi hakuanza kwa kupiga katikati. Alianza kwa kukwangua saruji iliyo kati ya karo na karo, ili kila moja iwe peke yake na isivute jirani yake. Kisha akaanzia juu, kwenye karo lililokuwa limekwisha kupasuka, akaingiza tindo nyuma yake ikiwa imelala, siyo imesimama, na kuigonga kwa nyundo taratibu. Tindo ikisimama inachimba ukuta, ikilala inabandua. Kutoka juu kwenda chini, ili makaro ya juu yasije yakamwangukia mtu aliyeinama. Mengine yalitoka mazima kwa pigo moja. Hayo ndiyo yaliyokuwa yanalia. Nyuma yake tuliona kole imewekwa vidonge vitano tu, vinne pembeni na kimoja katikati, na kwingine kote ni uwazi. Aliyeyabandika alibana kole, na ndani ya uwazi ule unyevu ulikuwa umejikusanya miaka yote, kuna harufu ya uvundo na weusi wa kuvu.

Kubandua makaro ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kole, na hapa ndipo wengi huchoka na kudanganya. Kuna kole ya ndoo, laini kama uji mzito, ambayo huweza kulainika ukiilowesha kwa maji ya moto na kuikwangua kwa mwiko bapa. Kuna kole ya unga wa saruji, hiyo hailainiki, ni tindo na subira. Na katika nyumba za zamani kabisa utakuta hakuna kole, makaro yamelazwa juu ya saruji na mchanga unene wa kidole. Hiyo usiibembeleze, ikitoka na plasta iache itoke, plasta mpya ni rahisi kuliko kuhangaika. Ya kwangu ilikuwa ya unga. Fundi alitaka kuleta mashine ya kusagia. Nilikataa, na narudia hapa kwa sauti: ukisaga saruji kavu ndani ya chumba kilichofungwa unatoa vumbi jembamba lenye silika, lile lile linaloharibu mapafu ya wachimba migodi. Vijana wetu yede wanalivuta siku nzima kwa faranga 3,000, wakijifunga leso puani. Tulinyunyizia ukuta maji kila baada ya muda mfupi, tukafungua dirisha, na nikawanunulia barakoa za vumbi. Ukuta uliolowa hautoi vumbi. Maji hayana gharama, na ziwa tunalo.

Siku ya tatu, chini ya dirisha, kole ilipotoka ilitoka na plasta, na plasta ilipotoka tukauona ufa.

Ulianzia pembe ya dirisha ukashuka kwa ngazi, tofali kwa tofali, ukifuata saruji iliyo kati ya matofali, mpaka karibu na mlango. Ulikuwa na upana wa penseli. Nasema hivyo kwa sababu nilichukua penseli yangu ya masahihisho ikaingia. Ndani yake palikuwa pamejazwa karatasi, yale makaratasi ya mfuko wa saruji, yamekunjwa na kusokomezwa vizuri kwa bapa la kisu, kisha juu yake pakapakwa plasta nyembamba, kisha kole, kisha makaro meupe yenye maua ya bluu. Mtu alikaa akafanya kazi hiyo kwa uangalifu. Alijua.

Upande wa pili wa ukuta ule, katika chumba cha kwanza, walikuwa wamelala wapangaji wangu kwa miaka kumi. Mmoja alikuwa na watoto watatu, na kitanda chao kilikuwa kimeegemezwa hapo hapo.

Wapo watakaosema ufa ni ufa tu, kila nyumba ina nyufa. Ni kweli zipo nyufa za aina nyingi. Zile nyembamba kama nywele, zinazotapakaa juu ya plasta kama ramani, mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka, hazina neno. Lakini ufa unaokwenda kimshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, unaopita hadi upande wa pili, au nyufa mbili zinazokatana kama alama ya mkato, huo ni ukuta uliosukumwa. Ukuta wa namna hiyo unaweza kusimama miaka mingi siku za kawaida. Swali ni utafanya nini ardhi ikitikisika tena, na katika bonde letu itatikisika. Jamaa zangu waliobaki Kagera walilijua hilo tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa huo huo wa 5.9 lilipopiga Bukoba na kuua watu zaidi ya 15. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, ambazo rafiki zangu kadhaa walisoma, ziliharibika kiasi cha kufungwa.

Sasa nikawa mimi na ufa wangu na mpangaji anayesubiri. Nakiri kwamba jioni ile nilifikiri kufanya kama alivyofanya mwenzangu. Makaratasi yalikuwa tayari mle ndani. Plasta, kole, makaro, wiki moja, 60,000 kwa mwezi. Nani angejua? Mke wangu aliniuliza swali moja tu: "Wewe ulipouziwa hivi, ulimwitaje aliyekuuzia?" Sikumjibu, kwa kuwa neno nililokuwa nimelitumia mchana ule mbele ya mafundi si la kuandikwa gazetini.

Nilimpigia simu yule mama nikamweleza nilichokikuta. Alinishukuru, akaenda kupanga kwingine. Sikumlaumu, biashara haingoji. Nikamwita mhandisi, akashauri mambo mawili. La kwanza, tusubiri. Tuliweka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa na kuandika tarehe, tukagandisha kipande chembamba cha kioo katikati yake, tukakiacha wiki nane. Ufa ungekuwa unatembea, kioo kingevunjika na ncha zingepita alama. Havikutokea. La pili, kwa kuwa ufa umelala, tukatoa matofali yaliyokatika na kuweka mengine, tukashona pande mbili kwa vipande vya nondo vilivyofukiwa kwenye saruji, na juu ya kuta zote tukamwaga mkanda wa zege, ule ambao Tanzania huitwa linta na hapa mafundi huuita shenaji. Nyumba ile haikuwa nao kabisa. Kisha plasta mpya, tukaiacha ikauke mwezi mzima kabla ya kubandika chochote. Saruji tunayo humu humu wilayani, CIMERWA inaitengeneza Bugarama tangu miaka ya 1980. Mkoa mwingine unaweza kusingizia umbali. Sisi hatuna kisingizio.

Kwa hesabu yangu nilipoteza kodi ya miezi minne, na matengenezo yalinigharimu zaidi ya kodi ya mwaka mzima. Nimeyaandika haya siyo ili nisifiwe, maana ukweli ni kwamba ningekuwa nimegonga ukuta kwa ufunguo mwaka 2013 ningepunguziwa bei kwa kiasi hicho hicho au zaidi, na watoto wa watu wasingelala miaka kumi chini ya ufa. Nimeyaandika kwa sababu nina hakika kuta kama ile si moja hapa mjini.

Hoja yangu, basi, ni hii. Tuache kuyachukulia makaro kuwa ni ushahidi wa nyumba nzuri. Makaro ni nguo, na mgonjwa huvaa nguo. Kila mara tunapofikia kuyabadilisha, tuyabandue ya zamani na kole yake yote, tuuone ukuta, ndipo tuuvishe upya. Ni kazi chafu na ndefu, lakini kwa mwenye nyumba ndiyo nafasi pekee ya kujua anakaa ndani ya nini.

Kwa ndugu zangu tuliorudi, nasema tusione haya kuuliza. Tumezoea kujificha kwamba hatukuwepo, tunaona kuuliza ni kujionyesha wageni. Matokeo yake tunanunua kama wageni. Uliza majirani, hasa wazee: nyumba hii mwaka 2008 ilikuwaje? Nenda mchana, gonga kuta zote kwa ufunguo, tazama pembe za madirisha na milango, ndani na nje. Penye makaro jikoni tu na siyo bafuni, au ukuta mmoja tu kati ya minne, jiulize kwa nini ukuta ule ulipendelewa.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani mnaopanga vyumba, nyinyi mnatufundisha. Yule mama wa Bukavu alijua zaidi ya mwalimu wa jiografia. Mnalipa kodi, mna haki ya kugonga. Mwenye nyumba akikasirika kwa kugongewa ukuta, amekwisha kukujibu.

Kwa mafundi, makaro juu ya makaro iwe ni kazi ya mwisho baada ya kukagua, siyo ya kwanza kwa kuwa ni nyepesi. Na mkiukuta ufa, msikubali kulipwa kuusokomeza karatasi. Mwenye nyumba atahama, lakini mtaa mzima utajua ni nani aliyebandika.

Kwa viongozi wa wilaya nina ombi moja dogo lisilohitaji bajeti. Nyumba inapouzwa, hati ya ardhi hutaja mwenye kiwanja, ukubwa wake na matumizi yake. Kuhusu ukuta haisemi neno. Katika mkataba wa mauzo tunaosaini mbele ya ofisa wa ardhi, uongezwe mstari mmoja kwa wilaya zetu za Rusizi na Nyamasheke: je, jengo hili lilipasuka katika matetemeko ya 2008 au 2015, na kama ndiyo, lilitengenezwaje? Muuzaji aandike kwa mkono wake na kutia saini. Aliye mkweli hatapoteza kitu, kwa kuwa nyumba iliyopasuka ikatengenezwa sawasawa ni bora kuliko isiyojulikana. Anayetaka kudanganya atakuwa amedanganya kwa maandishi.

Vipande vya makaro yale ya maua sikuvitupa bondeni kuelekea ziwani, kama ninavyoona wengine wakifanya. Tuliviponda, tukavitandaza chini ya zege la njia inayotoka barabarani hadi mlangoni. Kile chumba kina mpangaji sasa. Kabla hajalipa nilimpa ufunguo, nikamwomba agonge.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya sekondari wilayani Rusizi. Maoni aliyoyatoa ni yake binafsi.